Joho la Madame

Madame hakupenda kusubiri, na mimi kazi yangu yote ni kusubirisha watu. Nikimwambia mtu asimame pale, lazima abaki pale mpaka niwe nimeegemea kitu, nimeliweka gongo langu mahali ambapo halitaanguka, nimeishika kamera kwa mikono miwili na kupata pumzi. Mpiga picha mwingine angekuwa amekwisha piga picha kumi. Madame alikuwa anasimama na mavazi yake ya ajabu, anaangalia jua, kisha anaangalia saa ya mkononi ambayo alikataa kuivua hata akiwa amevaa kama malkia wa nchi isiyokuwepo. Halafu anagonga ardhi kwa ncha ya kiatu, taratibu, bila kusema neno. Heri angesema. Kile kiatu kilinikasirisha kuliko matusi.

Karibu kila mtu hapa Kamina alimwita Madame, maana alifundisha ushonaji katika shule ya wasichana kwa miaka mingi, na nusu ya wanawake wa mji huu wanaojua kukata gauni walijifunza kwake. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilimjua kwa sababu nina studio ndogo karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia, kiti kirefu na kompyuta ya zamani, na siku moja aliingia na mfuko mkubwa, akauliza kama nina kioo. Nilimwonyesha. Akaenda nyuma ya pazia akiwa mama wa makamo mwenye kitenge cha kanisani. Akatoka amevaa koti jeusi linalofika miguuni, mabega yamejengwa kwa sponji ya godoro, kichwani nywele za katani zilizochovywa rangi ya zambarau.

Alisimama mbele yangu kwa namna ya mtu anayesubiri stakabadhi ofisini. Nilimuuliza kama ni mchezo wa kanisa. Alisema hapana, ni kosplei, na akanieleza kwa sauti ya darasani: mtu anachagua mhusika wa katuni au wa mchezo wa video, au anamtunga mwenyewe, halafu anashona nguo zake zote, anazivaa, anakuwa yeye kwa saa moja. Wanafunzi wake walikuwa wanatazama katuni za Kijapani kwenye simu badala ya kukata vitambaa. Alizichukua simu, kama kawaida yake, lakini kabla ya kuzifungia kabatini aliangalia. Na alichoona si upanga wala miujiza, aliona koti. Aliona mkono ulioshonwa kwa namna ambayo hakuielewa, na jambo hilo lilimnyima raha wiki nzima.

Kwa hiyo alilishona. Aliwauliza wasichana nani atalivaa, na wote wakacheka wakaficha nyuso. Maneno aliyowaambia nimeyasikia kwa mmoja wao, ambaye sasa ana watoto watatu: "Hakuna mutu? Basi minyi njo nitavaa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na wajukuu wanne.

Kuna mambo kwake yaliyokuwa hayapatani, na nilichoka kujaribu kuyapatanisha. Msichana akija shuleni na sketi iliyopungua vidole viwili, Madame alimrudisha nyumbani, hata kama ni siku ya mtihani. Lakini Jumamosi yeye mwenyewe alipita barabara ya stesheni, amekaa nyuma ya pikipiki, na mabawa ya kadibodi yaliyofungwa kwa kamba mgongoni. Alikuwa katika chama cha akina mama wa kanisa, anavaa sare yao kila Jumapili na kuimba sauti ya pili. Mama wenzake walimwita siku moja, wakamuuliza kwa upole kama ana tatizo nyumbani, kama wamwombee. Aliwajibu kwamba tatizo analo, uzi mzuri mweusi haupatikani Kamina, na kama wanaweza kuomba juu ya hilo atashukuru. Watoto wa mtaani walimwita mtu wa sinema. Wakubwa waliacha kumcheka mbele yake, kwa sababu ya heshima, wakamcheka akishapita, na yeye alisikia yote.

Alisikia na ilimuuma. Watu walidhani hajali. Mimi nilimwona akirudi studio akivua yale mabawa kwa haraka, akikunja kila kitu vizuri sana kama nguo za marehemu.

Sasa niseme habari ya mguu wangu, maana bila mguu picha ya Madame haitakamilika, na hilo nalo linanikera. Mguu wangu wa kulia haukukua pamoja nami. Nilichomwa sindano ya homa nikiwa na miaka minne, mguu ukalala na haukuamka tena. Nina chuma kinachoushika kuanzia pajani hadi kwenye kiatu, chenye kufuli gotini, na ninatembea na gongo moja. Barabara ikiwa ngumu, naenda vizuri. Lakini Kamina ni mchanga, na kwenye mchanga gongo linazama na kila hatua nalazimika kuling'oa. Nyonga inaanza kuuma baada ya hatua mia, kwapa linaanza kuwaka baada ya mia mbili, na hesabu hizo nazifanya kichwani kutwa nzima bila kumwambia mtu. Mkono mmoja ni wa gongo. Kamera inataka miwili. Maisha yangu yote ya kazi ni kutafuta ule mkono ambao sina.

Studio ni rahisi, naegemea kiti kirefu. Nje hakuna cha kuegemea. Kwa hiyo nilikuwa nabeba ndoo tupu ya rangi, mwenye pikipiki anaifunga nyuma, na nikifika naipindua, nafungua kufuli la goti, nakaa, gongo nalilaza pembeni. Matokeo yake, picha zangu zote za nje zilipigwa kutoka chini. Bwana harusi anaonekana mrefu kama mnara wa simu, padri anaonekana amekaribia mawingu. Vijana wa mjini walianza kusema nina staili yangu, kwamba hata bila jina picha ya kwangu inajulikana. Sikuwakatalia. Staili yangu ilikuwa ndoo.

Madame aliipenda staili hiyo. Alisema kutoka chini anaonekana mtu ambaye hawezi kusimamishwa njiani na kuulizwa kama aombewe.

Ila mguu wangu hakuwahi kuutaja. Miaka sita, hata siku moja. Watu wengine wakiniona wanafanya mojawapo ya mambo mawili: wananikimbilia na mikono yao kabla sijayumba, au wanaangalia pembeni. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Alitembea mwendo wake wa kasi, akifika mbali anasimama, anaangalia saa, ananisubiri, na nikifika anaondoka tena, hivyo mimi nafika kila mara nikihema na yeye amekwisha pumzika. Alichagua mahali pa kupigia picha kama mtu anayenichokoza: bwawani penye matope, juu ya rundo la mataruma ya reli, ndani ya shamba la mihogo lililolimwa kwa matuta. Nikifika nimelowa jasho, alisema tu, "Mwangaza iko inapotea."

Mwanzoni nililichukua kama heshima. Nilijiambia, huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye haoni gongo, anamwona mpiga picha. Mwaka wa tatu nilianza kulichukua kama ukatili. Nilikuwa narudi nyumbani nimechubuka kwapani, naingiza mguu katika beseni la maji ya moto, nasema peke yangu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Na bado sikumwambia. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Nilikuwa nangoja aulize. Nilitaka aone mwenyewe. Sasa nikikumbuka naona nilikuwa na kiburi cha kijinga, lakini wakati ule nilikiita uvumilivu, na nilijisifu nacho.

Katika kazi alikuwa na sheria moja ambayo sikuiona kwa mteja mwingine yeyote. Hakuangalia picha kwenye kamera. Wateja wote, ukibonyeza tu, wanakuja kuchungulia kwenye kioo kidogo cha nyuma, wanasema wamenenepa, wanasema rudia. Madame hakusogea. Darasani kwake mzazi haruhusiwi kuona gauni la mtoto mpaka limalizwe na kupigwa pasi, maana nguo iliyo mezani na pini zake, alisema, inamdanganya mtu asiye fundi. Sheria hiyo aliileta kwangu. Yeye alikuwa anakuja siku ya pili, ananawa mikono, anavaa miwani, anakaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo anaona. "Kazi yako, weye njo unaijua," aliniambia siku ya kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini namna hiyo. Ilinipa furaha, na ndiyo iliyoniponza.

Mwaka wa sita alianza joho. Darasa lake lilikuwa limepungua; wasichana walitaka kujifunza kompyuta, na cherehani mbili zilikuwa zimefunikwa kwa shuka. Madame alikusanya mabaki ya vitambaa kutoka masanduku ya miaka yote, vipande vidogo kuliko kiganja, akavikata umbo la manyoya na kuvishona kimoja juu ya kingine. Ilimchukua miezi minane. Alikuwa anashona wakati wa mapumziko, akitembelea wagonjwa, akisubiri bukari, ugali wa kwetu, uive. Mhusika hakumtoa katika katuni yoyote, alimtunga mwenyewe: mlinzi wa ndege wa mtoni. Joho likivaliwa, mbele lilikuwa koti la kawaida tu. Uzuri wote ulikuwa mgongoni. Likitandazwa chini, lilikuwa duara pana la kujaza chumba, na katika duara hilo alitokea ndege amefungua mabawa, mwekundu na mweupe na samawati iliyokolea. Nilipoliona limetandazwa sakafuni darasani nililizunguka lote, nikichunga gongo lisilikanyage.

Kulikuwa na kikundi cha vijana Lubumbashi wanaofanya kosplei, na walikuwa wanaandaa mkutano wao. Kila anayetaka kushiriki atume picha moja tu, vazi lionekane lote, mwisho Jumapili jioni. Watakaochaguliwa wangekwenda kuonyesha mavazi yao ukumbini na kufundisha wengine namna walivyoyashona. Madame alinionyesha tangazo hilo kwenye simu, kisha akaifunga simu haraka. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kwa sauti kubwa, na siku hiyo pia sauti ilikuwa ndogo.

"Nataka siku moja tu," alisema, "bantu baangalie mushono, basicheke."

Jumamosi ya mwisho tulikwenda njia ya Kabongo, kupita wafyatua matofali. Yeye alikuwa amekwenda peke yake katikati ya wiki kuchagua mahali. Palikuwa na vichuguu viwili vinavyotazamana, vile vikubwa vya kwetu ambavyo mgeni anadhani ni vilima. Kimoja kilikuwa na kilele bapa, kipana. Kingine kilikuwa kirefu zaidi, kimechongoka, kuta zake ngumu kama tofali lililochomwa. Nyasi zilikuwa zimeungua na majivu bado yalikuwa chini. Mwenye pikipiki alituacha njia ilipoishia, akarudi mjini na mteja mwingine.

Madame alionyesha kwa kidole. Kile cha bapa ni chake, atatandaza joho juu, apige magoti katikati, anipe mgongo. Kile kirefu ni changu. Kutoka kule juu nitaona ndege mzima. Alikuwa amefikiria kila kitu, mwangaza, upande wa upepo, rangi ya udongo nyuma ya rangi ya vitambaa. Mimi niliangalia kile kichuguu changu na nikajua, kabla hajamaliza kusema, kwamba sitapanda. Ilikuwa sekunde ya kusema. Maneno yalikuwa matatu, manne. Nilisema, "Bien, sawa."

Alivua viatu, akajitwisha gunia la joho, akapanda kwa miguu mitupu huku kitenge amekikunja magotini. Nilimwona juu akitandaza, akizunguka, akinyoosha kila pindo kwa kiganja. Kisha akaingiza mikono katika joho, akapiga magoti, akanigeuzia mgongo, akabaki hivyo, anaangalia upande wa pili ambako mawingu yalikuwa yanapanda.

Nikaanza. Nilikaa chini, nikakipa kichuguu mgongo, nikajivuta juu kwa mikono na mguu mmoja, kinyumenyume, chuma kinagonga udongo kila mara. Nilifika kimo cha mtu. Hapo kiganja kiliteleza, nikashuka kwa matako mpaka chini, suruali ikachanika, kiwiko kikatoka damu. Kamera niliishika kifuani, haikuguswa. Nikajaribu upande mwingine, nikateleza mapema zaidi. Mfyatua matofali mmoja, mtu wa makamo, aliacha kazi yake akaja mpaka nilipo. Alikuwa na mabega mapana na matope mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia vizuri, akainama, akanipa mgongo. "Papa, panda, nikubebe. Ni dakika moja."

Kwa kweli ilikuwa dakika moja. Nilimwambia aende akaangalie matofali yake. Nilimwambia vibaya, kwa sauti ya chini ili Madame asisikie. Yule mtu aliniangalia, akapangusa mikono kwenye kaptura, akaondoka. Hasira yangu yote ya miaka sita ilimpata mtu pekee aliyeinama.

"Umefika?" Madame aliuliza kutoka juu, bila kugeuka.

"Nimefika," nilisema. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, chini.

Niliinua kamera. Niliona kichwa chake, mabega, na ukingo mmoja wa joho uliojitokeza kwenye ukingo wa kichuguu. Ndege hakuonekana. Ukingo ulikuwa umemmeza mzima. Nilipiga. Nikasogeza ndoo, nikapiga tena, nikasogeza upande wa pili. Kila picha ilikuwa ileile, mama aliyekaa juu ya udongo na mawingu nyuma yake, nzuri kidogo, ya staili yangu.

"Mugongo inaonekana?"

Hilo swali nalisikia mpaka leo. Aliliuliza kwa unyenyekevu, yeye ambaye hakuwahi kuuliza, sheria yake mwenyewe ikimkataza. Ina maana alikuwa anaogopa.

"Inaonekana," nilisema.

Mvua ilikuja ghafla, mvua ya kwanza ya msimu, matone makubwa yanayorusha vumbi. Alikusanya joho mikononi na kuteremka kwa kuteleza, mimi nikakaza kufuli la goti, tukakimbilia banda la nyasi la wafyatua matofali, yaani yeye alikimbia, mimi nilifika. Yule mtu wa makamo alisogea kunipisha bila kuniangalia. Madame alifungua joho aone. Vile vitambaa vya bei rahisi vilikuwa vimeachia rangi. Wekundu ulikuwa umeingia katika weupe, samawati ilikuwa inachuruzika kwenye mikono yake mpaka viwikoni. Ndege alikuwa amekwisha kuharibika.

Nilidhani atalia. Alilikamua joho taratibu, akalitundika kwenye mti wa banda, akajipangusa uso, na akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo.

"Haina neno," alisema. "Photo tuko nayo."

Bado ningeweza kusema. Tulikaa pale karibu saa nzima, mvua inapiga nyasi, yeye anazungumza kuliko siku zote, anasema atavaa nini ukumbini, atawafundisha nini wale vijana, mshono upi aanze nao. Mimi nilitikisa kichwa. Nilikuwa nafikiri labda kwenye kompyuta nitapata kitu, labda nitakata hapa na kunyoosha pale. Ni upuuzi, huwezi kunyoosha kitu ambacho hakimo katika picha.

Jumapili baada ya misa alikuja, bado na sare ya chama. Alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, akavaa miwani, akakaa. Nilizifungua zote, moja baada ya nyingine, picha kumi na nne. Alizitazama mpaka mwisho. Kisha aliniomba nirudi mwanzo, akazitazama tena, polepole, anasogeza uso karibu kila mara kana kwamba ndege amejificha pembeni.

"Ulisema inaonekana," alisema.

Nikasema, "Madame, ni muguu." Miaka sita sikulitoa neno hilo mbele yake, nikalitoa siku hiyo, kama mtu anayeonyesha cheti cha daktari.

Alivua miwani, akaikunja.

"Minyi sikukuuliza muguu," alisema. "Nilikuuliza mugongo."

Nilimuuliza nitume ipi. Alisema nisitume yoyote, watasema amejificha. Aliondoka bila kuufunga mlango. Jioni ile muda wa kutuma ulipita nikiwa nimekaa palepale.

Baada ya hapo alinisalimia, siwezi kusema alininyima salamu. Lakini alikuwa ananiita Photographe, na sasa akaniita Monsieur, kama mtu asiyemjua. Hakufanya kosplei tena, angalau hapa mjini. Nilisikia joho amelifumua, vipande akawapa wasichana waliobaki wajifunzie kupinda pindo. Nilikasirika nilipolisikia hilo. Nilikasirika naye kwamba alifumua, kwamba hakunitukana, kwamba hakuwahi kuniuliza kama ninaweza kupanda kichuguu, swali ambalo mtoto mdogo angeuliza. Na nikiisha kukasirika naye nilijikuta narudi kwa yule mfyatua matofali aliyeinama, na kukosa usingizi.

Miaka miwili ilipita. Mwezi uliopita aliingia studio, amekonda, nywele zimejaa mvi ambazo hakuzipaka kitu. Alitaka picha nne ndogo za pasipoti kwa ajili ya faili lake la kustaafu. Darasa la ushonaji lilikuwa limefungwa, na yeye anahamia Bukama kwa binti yake anayeuza samaki wa kukaushwa. Alisema hayo yote akiwa amesimama, kwa kifupi, na akaangalia saa.

Nilimkalisha kwenye kiti mbele ya kitambaa cheupe. Niliegemea mahali pangu, nikaweka gongo. Kiatu chake hakikugonga sakafu. Nikamuuliza, maana nilijua sitapata siku nyingine.

"Madame, kwa nini haukuniuliza? Uliona muguu wangu kila siku."

Nilidhani atanijibu kwa sauti ya darasani.

"Niliogopa utasema hapana," alisema. "Hii Kamina yote, nani mwingine angenipiga photo?"

Alisema akiangalia kamera, si mimi. Miaka yote ile nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafanya hesabu kimya. Nilikuwa na hasira, na sikujua tena niielekeze kwa nani. Nikainua kamera tu, nikamwambia anyooshe shingo, nikabonyeza.

Alianza kuinuka, akachukua mkoba wake. Sheria yake ilikuwa ileile, hakuuliza imekuwaje, hakusogea kuchungulia. Niliangalia kwenye kioo kidogo. Alikuwa amefumba macho.

"Madame," nilisema, "hii haifai. Macho imefungwa. Rudi ukae, nipige ingine."

Alisimama na mkoba wake mkononi. Kisha akauweka chini na kurudi kukaa.